Maswali ya wasomaji: Jiko la kuni lenye katalisti

Baridi ya Juni hadi Agosti imeanza kuuma huku Molo, Elburgon na Timboroa, na barua kuhusu majiko ya chuma ya kuotea moto sebuleni zimejaa mezani. Nyingi zimetoka kwa wenye majiko ya katalisti, yaani yenye kipande cha kuunguza moshi, yale yaliyoagizwa kutoka ng'ambo au yaliyokutwa ndani ya nyumba iliyonunuliwa, bila hata karatasi ya maelezo. Ukikipata kijitabu cha jiko lako, kifuate pale kinapotofautiana nasi, maana kila muundo una vipimo vyake.

Hamjambo. Tumehamia nyumba ya mbao nje ya mji wa Molo tukakuta jiko la chuma lenye kioo mbele na mkono ubavuni ambao hatujui kazi yake. Linapasha joto vizuri, lakini tukifungua mlango kuongeza kuni moshi wote unatujia usoni. Fundi amesafisha chimni mara mbili, hali ni ile ile. – Mama wa Molo

Chimni haina kosa, mama. Shida iko kwenye mkono huo.

Juu ya chumba cha moto, au nyuma yake, kuna kipande cha seramiki au cha chuma kisichoshika kutu, chenye matundu mengi kama sega la asali. Hiyo ndiyo katalisti. Kuta za matundu zimepakwa platinamu au paladiamu. Moshi wa kuni ni nishati ambayo haijaungua. Ukiachwa peke yake unataka joto la karibu nyuzi 600 za Selsiasi ili uwake, lakini ukipita kwenye madini hayo huanza kuungua kwenye nyuzi 260 hivi. Ndiyo sababu jiko la aina hii linaweza kuwaka taratibu usiku kucha kwa kuni chache, na chimni isitoe moshi wa maana.

Sasa, matundu hayo yanabana njia, na kwa hiyo jiko limewekewa kilango cha moshi. Kikiwa wazi, moshi unapanda moja kwa moja kwenye chimni. Kikifungwa, unalazimika kupita ndani ya katalisti. Mkono wa ubavuni ndio unaokifungua na kukifunga. Mnapofungua mlango wa kuni huku kilango kimefungwa, moshi haupati pa kupita upesi, nao unakuja sebuleni.

Wakati wa kuwasha, fungua kilango cha moshi na ufungue hewa yote, yaani tundu la kuingizia hewa motoni. Anza na vijiti vya saipresi vyenye unene wa kidole, halafu kuni zilizopasuliwa zenye unene wa mkono. Mafuta ya taa na petroli havina nafasi hapa. Acha moto uwake kwa nguvu dakika 20 hadi 30, ukitazama kipimajoto cha katalisti, ile saa ndogo ambayo shina lake limeingia ndani ya jiko. Sindano ikipita 260, funga kilango. Usiguse hewa kwanza. Baada ya dakika chache sindano itapanda yenyewe, kwa kawaida kati ya 400 na 750, kwa sababu sasa moshi nao unaungua. Hapo ndipo unapunguza hewa, kidogo kidogo, ukingoja dakika tano hivi kati ya hatua na hatua. Ukipunguza kwa mkupuo, miali inazimika, katalisti inapoa, na sindano inarudi chini ya 260. Ikitokea hivyo, fungua kilango na uujenge moto upya, kwa kuwa katalisti iliyopoa haitajiwasha kwa kungojewa. Na sindano ikikaribia 870, punguza hewa mara moja. Joto la kupita hapo linaharibu upako wa madini.

Kuongeza kuni kuna mpangilio wake. Fungua kilango, ongeza hewa, ngoja dakika moja au mbili, fungua mlango kwa upana wa kidole, tulia sekunde chache mpaka uone moshi umeelekea juu, ndipo ufungue wote. Vuta makaa yaje mbele, panga kuni, funga mlango. Kilango kiache wazi dakika nyingine 10 hadi 15, hadi kuni mpya ziwe nyeusi pande zote. Wengi huharakisha hapa, na katalisti za seramiki nyingi hupasukia hapa, maana mvuke wa kuni baridi unapiga kitu kilichokuwa na nyuzi 600.

Kama jiko lenu halina kipimajoto, tafuteni kimoja kabla ya kununua kitu kingine chochote. Na msingoje katalisti ing'ae nyekundu. Moto ukiwa wa chini, inafanya kazi bila kung'aa hata kidogo.

Nilinunua lori la mkalitusi mwezi wa Machi, kuni zimekaa chini ya turubai miezi mitatu. Muuzaji aliapa ni kavu. Zikiingia jikoni zinatoa povu kwenye ncha na kulia. – Msomaji, Njoro

Hizo ni mbichi, ndugu. Povu ni maji yanayochemkia ndani ya mti, na kila lita inayochemka inakula joto ambalo katalisti ililihitaji ili ifike 260. Katika barua zinazolalamikia katalisti, kuni mbichi ndiyo sababu ya kwanza tunayoishuku, kabla ya chombo chenyewe.

Kiwango kinachotakiwa ni unyevu wa asilimia 15 hadi 20. Kipimo cha unyevu chenye sindano mbili kinafaa, ila wengi hukichoma kwenye ganda au kwenye ncha, ambako hukauka kwanza, wakafurahia asilimia 14 ya uongo. Pasua kipande upya, kisha choma sindano kwenye uso wa ndani uliofunguka sasa hivi, katikati ya urefu wake, zikifuata nyuzi za mti.

Bila kipimo hicho, mizani ndogo ya jikoni inatosha. Pasua kipande cha ndani cha gramu 600 hivi na kukipima. Kikaushe kwenye oveni ya joto la kama nyuzi 100 hadi uzito usishuke tena. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa mwanzo, kisha gawanya tofauti kwa uzito mkavu. Gramu 600 zikibaki 500, unyevu ulikuwa asilimia 20. Zikibaki 400, ni asilimia 50, na muuzaji wako hakusema kweli.

Turubai lililofunika kila upande linafungia unyevu ndani. Pasua kuni ziwe na unene wa sentimita 10 hadi 15 (gogo zima la mkalitusi linaweza kukaa mwaka likiwa bado na maji moyoni), zipange juu ya mawe au fito zisiguse udongo, pande zote ziwe wazi kwa upepo, mabati yafunike juu tu. Grevilea na saipresi zilizopasuliwa vizuri huhitaji kama miezi sita. Mkalitusi na muwati upe mwaka, na huko juu Molo, ambako mvua haikauki hata Julai, upe zaidi. Kwa kifupi, kuni za kuotea mwakani zipasuliwe sasa. Hizo ulizo nazo zitenge, na kwa msimu huu nunua vipande vyembamba vya grevilea vilivyokaa bandani, ukivipima kabla ya kulipa.

Jiko letu lina miaka mitano. Siku hizi sindano haipandi hata baada ya kufunga kilango, na chimni inatoa moshi wa bluu kama jiko la kawaida. Je, katalisti imekufa? Na inasafishwaje? – Mzee wa Londiani

Shikamoo mzee. Huenda haijafa. Kuagiza mpya kutoka ng'ambo ni gharama kubwa, kwa hiyo kagua kwa utaratibu huu kwanza.

Pima kuni kama tulivyoeleza hapo juu. Kisha jaribu mlango: jiko likiwa baridi, weka noti ya shilingi 100 kwenye ukingo, funga mlango, vuta. Noti ikitoka bila kukaza, gasketi, ile kamba ya nyuzi za kioo inayozunguka mlango, imechakaa. Rudia jaribio kila upande, hasa upande wa bawaba na pembe ya chini. Hewa inayoingia ovyo inaharibu mpangilio wote wa moto. Kuibadilisha ni kazi ya nusu siku: ng'oa ya zamani, kwangua mfereji hadi chuma kionekane, paka gundi ya jiko inayohimili moto, laza kamba mpya ya unene ule ule bila kuivuta, funga mlango uikandamize, acha ikauke muda ulioandikwa kwenye gundi. Kamba ikivutwa wakati wa kulazwa huwa nyembamba na kuvujisha.

Angalia pia kama kilango cha moshi kinafunga sawasawa. Mara nyingi majivu yaliyogandamana kwenye ukingo wake yanaacha upenyo, moshi unapita pembeni, na katalisti inalaumiwa bure.

Yote hayo yakiwa sawa, itazame katalisti yenyewe. Ngoja jiko lipoe kabisa, saa 24 ni salama, kisha umulike kwa tochi. Vumbi la kijivu lililoziba matundu ni majivu tu: yatoe kwa brashi laini ya rangi. Usitumie brashi ya waya, msumari wala hewa ya kompresa, maana upako ni mwembamba na seramiki ni dhaifu. Weusi unaong'aa ni lami ya moshi. Hiyo huungua yenyewe ukiwasha moto mkali wa kuni kavu kwa saa moja, kilango kikiwa kimefungwa baada ya 260. Ufa mwembamba usikutishe ikiwa kipande bado kimeshikana. Sehemu zikianguka au zikimeguka kama unga, muda wake umefika. Upako ukionekana umebambuka upande unaotazama moto, miali ilikuwa inafika kwenye katalisti. Chanzo huwa ni hewa nyingi mno au kuni zilizopangwa hadi juu.

Ikiwa ni safi kwa macho lakini haifanyi kazi, ioshe kwa siki, mradi kijitabu chake hakikatazi. Changanya siki nyeupe isiyo na rangi na maji yaliyotoneshwa, nusu kwa nusu, kiasi cha kuizamisha. Maji hayo huuzwa kwenye vituo vya petroli kwa ajili ya betri. Soma chupa vizuri usije ukapewa asidi. Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa alumini inaliwa na siki. Acha katalisti itokote kwa moto mdogo dakika 30. Ihamishie kwenye maji safi yaliyotoneshwa itokote dakika 15, kisha urudie kwa maji mengine. Iache ikauke siku kadhaa mahali pa joto, au kwenye oveni ya joto la chini, mpaka usiwe na shaka. Ikirudishwa jikoni na maji ndani, itapasuka moto wa kwanza. Iviringishie gasketi mpya wakati wa kuirudisha, kwa sababu ile ya zamani ilishavimba na haitaziba tena.

Kuhusu umri, watengenezaji wengi hutaja saa 10,000 hadi 12,000 za moto. Anayewasha saa 8 kila usiku kwa miezi minne ya baridi anatumia karibu saa 1,000 kwa mwaka, na katalisti inaweza kumfikisha miaka kumi. Anayewasha usiku wote 365, kama wanavyofanya baadhi ya watu wa Timboroa, anafikia saa 2,900 na zaidi. Kwake miaka minne ni haki yake.

Fundi wa jua kali hapa Kisumu anasema atanitengenezea jiko la kuni na kulifunga katalisti iliyotolewa kwenye gari kuukuu, kwa bei ya chini sana. Nikubali? – Kijana wa Kondele

Usikubali, kijana wetu, hata kama fundi ana mkono mzuri wa kuchomelea.

Katalisti ya gari huwa na vitundu kama 400 katika kila inchi mraba. Ya jiko la kuni ina 16 hadi 25 tu. Majivu ya kuni yataziba vile vidogo upesi sana, na moshi uliokosa njia utarudi chumbani. Isitoshe, katalisti peke yake haifanyi jiko. Inahitaji kilango cha moshi, mwili usiovuja, hewa inayodhibitika na kipimajoto. Kukosekana kwa kimoja kunatosha kuizima.

Tena Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na huhitaji kuota moto. Kwa kupikia, mwambie fundi akujengee jiko lililozungushiwa ufinyanzi, lile la jiko kisasa linalojulikana kote Magharibi mwa Kenya, na aliwekee chimni. Pesa hizo utaziona faida yake kwenye sufuria.

Tuna masalio ya nguzo za ua zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani. Ni kavu kabisa. Zinafaa? Na pakiti za maziwa za kuwashia je? – Dada wa Kitale

Hapana, dada, kwa vyote viwili. Rangi ile ya kijani kwa kawaida ni dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Zikichomwa, aseniki inatoka na moshi, na nyingine inabaki kwenye majivu ambayo watoto na kuku watayagusa. Usizichome hata nje. Pakiti za maziwa zina plastiki ndani. Mbao zilizopakwa rangi, plaiwudi, chipbodi na magazeti ya rangi viache pia. Risasi, zinki, salfa na klorini vinavyotoka humo hufunika madini ya katalisti, na uharibifu wa namna hiyo aghalabu hauoshwi ukatoka.

Maji meusi yenye harufu kali yanadondoka kwenye maungio ya bomba na kuchafua dari, na kioo ni cheusi kila asubuhi. Bomba ni la mabati ya kawaida, tumelitengeneza hapa kwetu. – Msomaji, Timboroa

Hiyo ni lami ya moshi, na ndiyo inayochoma nyumba. Moshi ukipoa chini ya nyuzi 120 hivi ndani ya bomba, mvuke na lami vinaganda kwenye kuta. Bomba jembamba linalopita kwenye baridi ya Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu, linapoza moshi haraka mno.

Ndani ya chumba bomba la ukuta mmoja linaruhusiwa, la chuma kizito cheusi, si mabati yenye zinki. Kuanzia darini kwenda juu weka la kuta mbili lenye sufi ya mawe katikati, ukuta wa ndani ukiwa wa chuma kisichoshika kutu. Mbao za dari zikae mbali nalo kwa nafasi iliyotajwa na mtengenezaji. Ncha nyembamba ya kila kipande ielekee chini, kwenye jiko, ili kinachoganda kirudi motoni badala ya kutoka kwenye maungio. Urefu kutoka jiko hadi kilele usipungue mita 4.5, na kwa mwinuko wenu ongeza, kwa sababu hewa ni nyepesi na mvuto wa chimni ni hafifu. Kilele kipite paa kwa sentimita 90, na kiwe juu kwa sentimita 60 kuliko chochote kilicho ndani ya mita 3.

Safisha bomba kila masizi yanapofika unene wa milimita 3, ukitumia brashi yenye kipenyo sawa na bomba, kilango kikiwa wazi ili masizi yasiangukie katalisti. Wavu wa kwenye kofia ya chimni huziba wa kwanza. Ukisikia bomba linanguruma, masizi yameshika moto: funga hewa na mlango wa jiko, toa watu wote nje, ita msaada, na usimwage maji ndani ya jiko. Kioo ni dalili tu ya moto uliofifia. Kikipoa, kifute kwa gazeti lenye maji lililochovywa kwenye majivu laini.

Naweza kutia makaa ya kawaida humo usiku ili moto ukae? – Baba wa Mau Summit

Usifanye hivyo. Jiko hili limetengenezewa kuni, na mkaa hutoa kaboni monoksaidi kwa wingi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Kwa moto wa kukaa hadi asubuhi, tia vipande vinene vya muwati mkavu saa moja kabla ya kulala, subiri viwe vyeusi, funga kilango, kisha punguza hewa hatua kwa hatua. Ukiweza, weka kengele ya kaboni monoksaidi chumbani. Na jiko la makaa la kubebeka lisiingizwe kabisa katika chumba cha kulala. Watu wanakufa hivyo usingizini kila msimu wa baridi.

Majivu niyapeleke wapi? Nina viazi, sukuma wiki na chai kidogo. – Mkulima, Kericho

Acha sentimita mbili au tatu chini ya jiko, moto unayapenda. Yanayozidi yatie kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, iweke nje juu ya udongo, mbali na ukuta wa mbao, kwa siku kadhaa, kwa kuwa kaa lililofunikwa na majivu hubaki hai muda mrefu. Kisha yanyunyize kidogo kidogo kwenye sukuma wiki. Chai usiitie, inataka udongo wa asidi na majivu huipunguza. Viazi pia viache, maana udongo ukipoteza asidi vinashikwa na upele.